Je, Matope Yanaweza Kutoa Umeme?

Hivi majuzi kikundi kimoja cha akina mama kilituandikia kutuuliza swali. Kwa kuwa vikundi vingine vinaweza kukutana na jambo hilo hilo, tumeona afadhali tulijibu hapa kwa urefu.

Kijana mmoja alifika kwenye mkutano wao akiwa na ndoo nne ndogo za matope ya mtoni. Ndoo zilikuwa zimeunganishwa kwa waya, na mwisho wa waya kulikuwa na kitaa kidogo chekundu. Kitaa kilikuwa kinawaka. Hakuna jua, hakuna betri, hakuna stima. Akawaambia kwamba ni bakteria wa matope wanaotoa umeme huo, na kwamba ng'ambo wanasayansi wamewatengeneza upya bakteria hawa ili watoe umeme mwingi zaidi. Kila mwanachama akitoa shilingi 500 za kwanza, wataletewa bakteria hao pamoja na vifaa vya kuwasha taa na kuchaji simu nyumba nzima.

Mama mweka hazina hakufungua sanduku. Alimwambia tu, "Mwanangu, tuachie wiki mbili tuulize." Ndipo barua ikatufikia: Je, mambo haya ni ya kweli?

Ndugu msomaji, mengi aliyoyasema kijana yule ni ya kweli. Wako bakteria wanaotoa umeme, na wako wanasayansi wanaowatengeneza upya. Lakini kitaa chake hakikuwashwa na bakteria. Ili kuona tofauti, hatuna budi kwanza kuelewa jinsi bakteria anavyoweza kutoa umeme.

CHAKULA NA PUMZI

Tuanze karibu. Ukinywa uji asubuhi, mwili wako unauvunjavunja na kutoa ndani yake chembe ndogo mno zinazoitwa elektroni. Chembe hizi ndizo zinazokimbia ndani ya waya wa stima. Umeme wa kwenye waya ni elektroni zinazosafiri. Mwili huzipitisha hatua kwa hatua, na katika kila hatua unapata nguvu kidogo, kama maji yanayoshuka mlimani yakizungusha kinu kimoja baada ya kingine. Lakini maji lazima yawe na mahali pa kumwagikia. Elektroni nazo lazima zipate wa kuzipokea mwisho wa safari. Kwetu sisi mpokeaji ni oksijeni, hewa tunayovuta. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa siku kadhaa bila chakula, lakini bila hewa, dakika chache tu amekwisha. Mfereji umezibwa upande wa chini.

Sasa mfikirie bakteria anayeishi ndani ya tope zito chini ya ziwa. Chakula kipo, majani yaliyooza na kadhalika, lakini oksijeni haifiki kule. Atampa nani elektroni zake?

Mwanasayansi wa Marekani, Kenneth Nealson, alikuwa akichunguza ziwa Oneida katika jimbo la New York. Aliona kwamba madini ya manganizi yaliyoganda chini ya ziwa yanayeyuka upesi kuliko inavyotazamiwa kwa kemia ya kawaida. Mwaka 1988 yeye na Charles Myers wakatangaza kwamba wamempata anayefanya kazi hiyo. Ni bakteria ambaye leo anaitwa Shewanella oneidensis, kwa jina la ziwa lile. Anakula mabaki, na pasipo oksijeni anazikabidhi elektroni zake kwa oksidi ya manganizi, yaani jiwe. Tunaweza kusema anapumua jiwe. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1987, Derek Lovley na wenzake walikuwa wamempata mwingine katika tope la mto Potomac, upande wa Washington. Huyu anapumua kutu ya chuma, na jamii yake inaitwa Geobacter.

Kwa njia, hiyo oksidi ya manganizi mnaijua. Ukivunja betri ya kawaida ya tochi, ule unga mweusi unaochafua mikono una oksidi hiyo hiyo. Kazi yake ndani ya betri pia ni kupokea elektroni.

MSTARI WA HARAMBEE

Hapa ndipo penye ugumu, na wanasayansi wanaotajwa na yule kijana wanahangaika na ugumu huu huu. Oksijeni ni hewa, inapenya ndani ya mwili wa bakteria bila taabu. Jiwe haliingii. Jiwe liko nje, yeye yuko ndani, na katikati kuna tando mbili za mafuta ambazo elektroni haziwezi kuzipenya zenyewe, kama vile stima isivyopenya mpira uliofunika waya. Basi anazitoaje?

Mmewahi kujenga darasa kwa harambee? Mawe yako barabarani, fundi yuko juu ukutani. Watu wanasimama mstari mmoja na jiwe linapita mkono hadi mkono. Hakuna anayetembea, jiwe ndilo linalotembea. Bakteria wa Oneida amejenga mstari wa namna hiyo ndani ya kuta zake. "Mikono" yake ni vipande vidogo vinavyoitwa hemu, na kila kimoja kimeshika chembe moja ya chuma katikati. Hemu si kitu kigeni. Ndiyo inayofanya damu yako iwe nyekundu, na ni sababu moja ya muuguzi kumhimiza mama mjamzito apate madini ya chuma. Katika damu, hemu inabeba oksijeni. Katika bakteria huyu, inapokea elektroni na kumpa jirani.

Hemu hizo zimeshikiliwa na protini, na protini za kazi hii zinaitwa saitokromu. Moja, jina lake MtrA, ina hemu 10 na imekaa upande wa ndani wa utando wa nje. Nyingine, MtrC, ina hemu 10 nyingine na iko nje kabisa, ndiyo inayogusa jiwe. Kati yao kuna MtrB, ambayo haina hemu hata moja. Hiyo ni kama bomba lililotobolewa ukutani, na MtrA imechomekwa ndani yake mpaka ikutane na MtrC. Picha kamili ya hizo tatu zikiwa zimeshikana ilipatikana mwaka 2020, kutoka kwa ndugu mmoja wa bakteria huyu. Ilionyesha hemu 20 zimepangwa moja baada ya nyingine, zimekaribiana kiasi kwamba elektroni inaruka kutoka hii hadi ile.

Geobacter yeye amezidi. Ana nyuzi zinazotoka nje ya mwili wake kama nywele. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba nyuzi zake zinapitisha umeme, wakadhani ni vinyweleo vya kawaida ambavyo bakteria wengi wanavyo. Picha za mwaka 2019 zikaonyesha nyuzi zilizojengwa kwa saitokromu zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, kila moja ikiwa na hemu 6. Kumbe kiumbe kisichoonekana kwa macho kinajitengenezea waya wa stima!

UMEME NI KIASI GANI?

Bakteria hawa hawachagui sana wa kumpa elektroni. Ukiwawekea kipande cha kaboni ndani ya tope badala ya jiwe, watakishika na kukikabidhi elektroni. Ukifunga waya kwenye kaboni hiyo na kuupeleka hadi kaboni ya pili iliyo juu, kwenye maji yenye hewa, elektroni zitapita kwenye waya kuifuata oksijeni. Weka kifaa katikati ya waya na unayo betri inayokula uchafu. Si jambo jipya sana. Mtaalamu wa mimea M. C. Potter wa Durham, Uingereza, alitangaza mwaka 1911 kwamba amepata umeme kutoka kwa hamira na bakteria, ingawa wakati huo habari za mstari wa hemu hazikujulikana.

Lakini ni kiasi gani? Swali hili ndilo la kuuliza kila mara mtu anapokuletea umeme mpya.

Betri moja ya bakteria haifikishi volti 1. Ikifanya kazi, mara nyingi inabaki chini ya nusu volti. Katika maabara, bakteria wakishibishwa vizuri, mita moja ya mraba ya kaboni inaweza kutoa wati 1 hivi. Mita hiyo moja ya mraba ikiwa ni ya paneli ya sola, jua la saa sita mchana litakupa wati 150 hadi 200. Na tope la mtoni halina raha ya maabara. Tuseme una kopo la tope lenye vijiti viwili vya kaboni, linatoa sehemu moja ya elfu kumi ya wati. Betri ya simu ndogo inahitaji kama wati 4 kwa saa moja ili ijae. Pigeni hesabu wenyewe: saa 40,000. Hiyo ni miaka minne na nusu kuchaji simu mara moja.

Kama kikundi kina ng'ombe na kinafikiria nishati, mtambo wa gesi ya samadi bado unashinda mbali. Mita moja ya ujazo ya gesi hiyo inapikia jiko la kawaida kwa saa mbili na zaidi.

KUTENGENEZA MLANGO UPYA

Basi kwa nini wanasayansi wanajisumbua? Kwa sababu wanaona kwamba chakula si haba, bali njia ya kutokea ndiyo nyembamba. Uchafu wa chooni, maji machafu ya kiwanda cha kahawa, mabaki ya maziwa, vyote vimejaa elektroni. Wakiweza kupanua mlango, au kumpa mlango bakteria asiyekuwa nao, mambo yanaweza kubadilika.

Tena bakteria wenye milango ya asili wana tabia zao. Yule wa Oneida anapenda asidi ile inayopatikana katika maziwa ya mala, lakini sukari ya glukosi haimfai. Geobacter anakua polepole na oksijeni humsumbua. Kwa hiyo mwaka 2010, Caroline Ajo-Franklin na wenzake huko Berkeley, California, walijaribu njia nyingine. Walimchukua E. coli.

Jina hilo litawashtua wale waliopimiwa maji ya kisima. Ndiyo, ni yule yule ambaye akionekana majini, afisa wa afya anajua kuna kinyesi. Lakini E. coli ni ukoo mkubwa. Wengi wao wanaishi matumboni mwetu bila neno, na wale wa maabara wamefugwa miaka mingi na hawaleti ugonjwa. Anakua haraka, anakula vyakula vingi, na wanasayansi wanamjua kuliko bakteria mwingine yeyote. Kasoro yake ni moja: hana mlango wa elektroni.

Maagizo ya kutengeneza kila protini yameandikwa ndani ya kiumbe, na yanaitwa jeni. Yanaweza kunakiliwa na kupewa kiumbe kingine, kama vile mama anavyonakili mapishi ya mandazi kwa jirani. Walinakili jeni za MtrA, MtrB na MtrC na kumpa E. coli. Akazisoma, akajenga mlango, na akaanza kupitisha elektroni kwa oksidi ngumu ya chuma mara 4 hivi kupita mwenzake ambaye hakupewa.

Haikuwa kazi rahisi. Mapishi peke yake hayatoshi ikiwa huna jiko. Hemu haijipachiki yenyewe kwenye protini. Kuna protini nyingine, mafundi wa kuchomelea tuseme, ambazo kazi yao ni hiyo tu. E. coli anao mafundi hao, ila kukiwa na oksijeni huwa amewapumzisha. Ilibidi walazimishwe kufanya kazi.

Halafu likaja jambo ambalo sisi tumelipenda. Ungedhani kwamba ukimwamuru bakteria atengeneze saitokromu kwa wingi kabisa, umeme utaongezeka kabisa. Mwaka 2013 watafiti hao walijaribu amri kali na amri hafifu, wakakuta ile kali siyo inayotoa umeme mwingi. Bakteria aliyelemewa anadhoofika, umbo lake linaharibika, na milango mingi inakuwa haijakamilika. Ni kama kutoboa milango ishirini kwenye nyumba ya udongo. Aliyeamriwa kwa kiasi alijenga milango michache iliyo mizima, akatoa umeme zaidi. Mwaka uliofuata wakaongeza protini ya nne, CymA, inayozileta elektroni kutoka utando wa ndani hadi kwenye mlango, kwa maana mlango mzuri usio na njia ya kuufikia haumsaidii mtu.

Njia nyingine haigusi mlango bali usafiri wa nje. Mwaka 2008 ilionekana kwamba Shewanella anatoa nje vitu vya jamii ya vitamini B2, ile inayopatikana kwenye maziwa na mboga. Vitu hivi ni kama bodaboda. Vinabeba elektroni kutoka mlangoni, vinazishusha kwenye kaboni, vinarudi kuchukua nyingine. Bakteria aliye mbali na kaboni naye anaweza kutuma mzigo wake. Mwaka 2015 watafiti walimpa Shewanella jeni za bakteria mwingine ili atengeneze bodaboda hizo kwa wingi, na umeme wake ukapanda zaidi ya mara kumi. Mara kumi ni habari kubwa, lakini kumbuka ni mara kumi ya kitu kidogo sana.

Na mwaka 2023 wanasayansi wa Lausanne, Uswisi, walimjengea E. coli njia nzima kutoka ndani hadi nje. Umeme ukawa zaidi ya maradufu ya ule wa njia za zamani. Kisha wakamtia ndani ya maji machafu ya kiwanda cha bia. Wale bakteria wenye milango ya asili walishindwa kuishi humo. Huyu wa kutengenezwa alistawi, akasafisha na kutoa umeme papo hapo. Hata hivyo ilikuwa ndani ya maabara, katika vyombo vidogo.

KAZI YAKE HALISI

Kwa maoni yetu, faida ya kwanza ya ufundi huu haitakuwa taa. Itakuwa upimaji wa maji.

Fikirieni Bangladesh. Kuanzia miaka ya 1970 vilichimbwa visima vya bomba kwa mamilioni ili watu waache kunywa maji ya vidimbwi. Maji yalikuwa meupe, matamu, hayana harufu. Katika miaka ya 1990 ndipo ikafahamika kwamba visima vingi vina sumu ya aseniki itokayo kwenye udongo wenyewe, na watu walikuwa wameinywa kwa miaka. Jicho halikuweza kuiona. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walimrekebisha Shewanella ili protini ya mlango itengenezwe tu akihisi aseniki. Maji safi, umeme kidogo. Maji yenye sumu, umeme unapanda. Mita inasoma, bila kusafirisha chupa hadi mjini.

Shida ilikuwa muda. Bakteria akianza kujenga protini baada ya kuhisi sumu, inachukua saa. Mwaka 2022 Ajo-Franklin, ambaye sasa yuko Chuo Kikuu cha Rice huko Houston, na wenzake walitatua jambo hilo kwa njia ya werevu. Waliijenga njia nzima mapema, lakini katikati wakaweka protini iliyobuniwa upya iwe kama swichi. Kemikali inayotafutwa isipokuwepo, protini hiyo haipitishi kitu. Kemikali ikifika, swichi inafunga na elektroni zinapita mara moja. Kwa njia za namna hii, E. coli wao alitambua kemikali za majini, mojawapo ikiwa ya jamii inayovuruga homoni za viumbe, ndani ya dakika 2 au 3. Hapa umeme mdogo si kasoro tena. Mita haihitaji wati nyingi, inahitaji dalili tu.

Na taa? Jirani zetu wa Uganda wanao mfano. Mwaka 2017, katika shule ya sekondari ya wasichana ya Seseme, Kisoro, watafiti wa Bristol, Uingereza, waliweka choo ambacho mkojo wa wanafunzi unalisha bakteria, na umeme unaopatikana unakusanywa kuwasha taa za choo usiku. Kwa msichana wa bweni, njia ya kwenda msalani ikiwa na mwanga si jambo dogo. Angalieni mambo mawili hapo: bakteria wale ni wa asili, hawakutengenezwa upya, na ilihitaji betri nyingi za bakteria zikiunganishwa, pamoja na mkojo wa shule nzima, kuwasha taa chache.

TURUDI KWENYE NDOO

Tulipowajibu akina mama kwa barua, tuliwauliza jambo moja: ndani ya tope mlikuwa na nini? Wakatuambia kila ndoo ilikuwa na kibao cheupe kama bati na kingine chekundu kama waya wa stima. Basi. Hiyo ni zinki na shaba. Metali hizo mbili zikiwekwa ndani ya kitu chochote chenye unyevu na chumvichumvi, zinatoa umeme zenyewe, karibu volti 1 kila chombo. Tope si lazima. Ndimu, viazi au maji ya chumvi vitafanya vile vile. Ndoo nne zikiunganishwa, kitaa chekundu kinawaka. Umeme unatoka kwenye zinki inayoliwa. Zinki ikiisha, taa imekwisha, na hapo shilingi 500 ziko mbali.

Hatusemi kijana yule ni mwongo. Huenda naye alifundishwa hivyo na mtu, akaamini. Lakini kuna njia za kujua. Betri ya zinki na shaba inawaka papo hapo unapoichomeka; ya bakteria inaanza karibu na sifuri na kupanda kwa siku nyingi, kwa sababu bakteria lazima kwanza waizoee kaboni na kuongezeka juu yake. Tena, mwombe achemshe tope kwa muda mrefu, lipoe, kisha arudishe vibao. Bakteria wengi watakuwa wamekufa. Taa ikiwaka kama kawaida, mnajua nani anayeiwasha.

Jambo lingine ni sheria. Kenya ina sheria ya mwaka 2009 juu ya viumbe waliobadilishwa jeni, na mamlaka ya kitaifa inayoisimamia. Hakuna mtu anayeruhusiwa kuwaleta bakteria wa namna hiyo kijijini na kuwamwaga kwenye choo au kisima bila kibali. Mtu akisema anao, mwambieni aonyeshe barua ya kibali kabla hajafungua chupa.

Kama vijana wenu wanataka kuwaona bakteria wa asili wakifanya kazi, haigharimu kitu. Tafuteni betri mbili za tochi zilizokwisha, za aina ya kawaida ya bei rahisi. Msitumie zilizoandikwa alkaline, maana zina dawa inayochoma ngozi, na msiguse kabisa betri ya simu, inaweza kushika moto. Toeni kile kijiti cheusi cha katikati, mkioshe sana kwa sabuni na maji, kisha mnawe mikono. Jazeni kopo la plastiki nusu kwa tope jeusi la kinamasi, lile linalonuka, mkichanganya na kijiko cha majani yaliyooza. Kijiti kimoja kizikwe chini kabisa, waya wake ukiwa umefunikwa vizuri kwa mpira ili chuma cha waya kisiguse tope. Mwageni maji juu ya tope taratibu, na kijiti cha pili kining'inizwe kwenye maji karibu na hewa. Fundi wa redio atawaazima mita. Someni kila jioni saa ile ile na kuandika kwenye daftari. Maji yakipungua, ongezeni. Tengenezeni na kopo la pili la tope lililochemshwa, mlinganishe.

Kikundi kilichotuandikia kilifanya hivyo. Kijana aliporudi baada ya wiki mbili, mama mweka hazina alimwomba achomoe kibao cheupe mbele ya wanachama. Kilikuwa kimeliwa pembeni na kuota madoa meupe. Kijana alikiangalia kwa muda, kisha akauliza kama anaweza kuliona lile kopo la kaboni walilokuwa wameliweka dirishani. Siku hiyo mita ilisoma volti 0.31.